Ukiamka, Anza na Ulichohisi: Kumbukumbu, Hisia na Ndoto Zetu

Mtu mzima, ana kazi na watoto wanaosoma, bado anaota yuko kwenye chumba cha mtihani wa kidato cha nne. Karatasi ya hesabu iko mbele yake, kalamu haiandiki, msimamizi anatangaza dakika zilizobaki. Anashtuka jasho linamtoka, na asubuhi anawauliza wenzake kazini: hii ina maana gani? Mmoja anamwambia kuna jambo lake litakwama. Mwingine anamwambia apunguze kula usiku. Swali wanaloliruka wote ni hili: wiki hii, nani anampima?

Mara nyingi jibu liko karibu. Kuna usaili, kuna bosi mpya, kuna mkopo unaosubiri kupitishwa, kuna kikao cha ukoo ambako ataulizwa mchango wake uko wapi. Hofu ni ya wiki hii. Picha ni ya miaka ishirini nyuma, kwa sababu pale ndipo alipoionja hofu ya kupimwa kwa ukali wake wote. Hisia ya leo imekwenda kuchukua kumbukumbu ya zamani inayolingana nayo.

Nataka kulieleza hili kwa kirefu, maana naona watu wengi hapa Dar wanahangaika na orodha za tafsiri zinazosema nyoka ni adui na maji ni fedha. Nyoka wa mtu aliyekulia Kisarawe akikata kuni porini si nyoka wa mtu ambaye hajawahi kumwona ila kwenye televisheni. Hakuna orodha inayoweza kujua hilo. Wewe unalijua.

Tuanze na usingizi wenyewe. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kwamba kuna vipindi vya usingizi ambamo macho ya aliyelala huchezacheza kwa kasi chini ya kope. Miaka minne baadaye Kleitman na William Dement waliwaamsha watu katika vipindi hivyo mara 191, na mara 152 walikuwa na ndoto ya kusimulia. Walipowaamsha nje ya vipindi hivyo, waliokuwa na ndoto walikuwa wachache mno. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba tunaota katika usingizi wa aina nyingine pia, ila ndoto ndefu, zenye watu wengi na hisia kali, zinatoka zaidi katika kipindi hiki. Hapa nitakiita usingizi wa ndoto.

Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90. Kila mzunguko huanza kwa usingizi mwepesi, ukazama, kisha ukaishia kwenye usingizi wa ndoto. Mzunguko wa kwanza una dakika chache tu za ndoto, kama 10 au pungufu. Kadiri alfajiri inavyokaribia usingizi mzito unapungua na ule wa ndoto unarefuka, mpaka wa mwisho unaweza kufika nusu saa au zaidi. Shika hilo, tutalihitaji tukifika kwenye foleni ya asubuhi.

Ndani ya kipindi hicho amigdala, sehemu ndogo ya ubongo inayoshughulika na hofu na hisia kali, huwa imewaka. Hipokampasi, inayosaidia kuhifadhi na kutoa kumbukumbu, nayo inafanya kazi. Sehemu za mbele za ubongo, zile za kupima mantiki na kusema "haiwezekani", zimepoa. Ndiyo maana marehemu babu anaendesha bajaji Kariakoo na wewe huoni ajabu mpaka uamke. Kuna jingine muhimu: noradrenalini, kemikali ya hali ya tahadhari, karibu inatoweka kabisa ubongoni wakati huo. Watafiti kadhaa wanaona hapo ndipo penye faida. Ubongo unaipitia kumbukumbu inayouma bila ule mshtuko wa mwili ulioambatana nayo mchana, na polepole makali yanapungua. Wengine bado wanabishana nao. Mimi naona ushahidi wa watu wanaopona msiba unaelekea upande huo, na nitarudi hapo.

Sasa, kumbukumbu zinaingiaje? Haziingii nzima. Magdalena Fosse na wenzake, mwaka 2003, walichambua ripoti 299 za ndoto na kukuta zaidi ya nusu zina kitu kutoka maisha ya mchana, lakini zilizorudia tukio lenyewe kama lilivyotokea zilikuwa asilimia 1 hadi 2 tu. Ubongo unafanya kama fundi cherehani mwenye kapu la vipande vya vitambaa: anachukua mkono wa kitenge cha jana na kola ya sare ya shule, anashona vazi ambalo halikuwahi kuvaliwa na mtu. Sauti ya kondakta wa daladala inakaa kwenye mdomo wa shangazi, na nyumba ni ya Tanga ila dirishani unaona Daraja la Kigamboni.

Vipande hivyo vina ratiba. Vingi vinatoka siku moja au mbili zilizopita. Kisha kuna wimbi la pili, lililochunguzwa sana na Tore Nielsen wa Montreal: mambo ya siku 5 hadi 7 nyuma hurejea ndotoni kuliko ya siku 3 au 4 nyuma. Hili lina matumizi ya moja kwa moja. Ukiota kitu usichokielewa Alhamisi usiku, usiangalie Jumatano peke yake. Angalia pia Ijumaa na Jumamosi iliyopita. Ugomvi uliodhani umekwisha msibani Jumamosi huenda ndio unaoingia sasa.

Na ndoto haihitaji hata uwe unakumbuka. Robert Stickgold wa Harvard aliwapa watu mchezo wa kompyuta wa Tetris, ule wa kupanga vipande vinavyoshuka, kwa saa 7 katika siku 3, kisha akawauliza wanachoona wakati usingizi unawapitia. Miongoni mwao walikuwepo wagonjwa 5 walioharibika sehemu ya kumbukumbu, ambao kila kipindi walihitaji kuelezwa upya kwamba huu ni mchezo na unachezwa hivi. Watatu kati yao waliona vipande vya umbo mbalimbali vikishuka, na hawakujua vimetoka wapi. Kwa hiyo mtu akisema "hilo sikulifikiria kabisa, nimeliotaje?", hadanganyi. Kichwa kilikuwa nalo bila yeye kuwa na habari.

Upande wa hisia, kazi ninayoiheshimu kuliko zote ni ya Ernest Hartmann, daktari wa magonjwa ya akili nchini Marekani. Aliwafuatilia watu waliotoka kwenye moto, mashambulizi na ajali. Wengi wao waliota wanatembea ufukweni, na wimbi kubwa kama ghorofa likaja kuwafagia. Hawakuwahi kuliona wimbi hilo. Walichokuwa nacho ni hisia ya kuzidiwa nguvu, na wimbi ndilo picha iliyoitosha. Hartmann alisisitiza kwamba picha moja kuu, ile yenye nguvu kuliko zote ndotoni, ndiyo inayobeba hisia kuu ya mwotaji. Mengine ni mapambo.

Jiji letu lina makundi ya watu wenye kumbukumbu nzito walizozipata siku moja kwa pamoja. Mabomu yaliyolipuka kwenye kambi ya jeshi Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009. Milipuko kama hiyo Gongo la Mboto, tarehe 16 Februari 2011. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoikumba Jangwani na maeneo mengine ya mabondeni. Jengo lililoporomoka Kariakoo, Novemba 2024. Mtu aliyepitia jambo la namna hii, usiku wa mwanzo anaweza kuota tukio lenyewe karibu kama lilivyokuwa: mlio, vumbi, watu wanakimbia. Kisha, mambo yakienda vizuri, ndoto inaanza kubadilika. Wiki chache baadaye mlio uleule unatokea shuleni kwake alikosoma. Baadaye anaota radi. Baadaye anaota anamtafuta mtoto sokoni, hofu ipo lakini anampata. Kila badiliko ni dalili kwamba kumbukumbu inaunganishwa na mengine ya maisha na haikai tena peke yake.

Hatari iko kwa ndoto isiyobadilika. Tukio lilelile, mfululizo uleule, anaamka sehemu ileile, mwezi hadi mwezi. Hapo kiwewe kimeganda na mtu anahitaji msaada. Pia uzingatie tarehe: mwezi wa tukio ukikaribia, au fataki za mwaka mpya zikilia, ndoto iliyokuwa imetulia inaweza kuamka tena kwa wiki moja mbili. Kurudi kwa namna hiyo hakumaanishi umeanza upya.

Msiba una njia yake. Wafiwa wengi husimulia kwamba miezi ya mwanzo humwona marehemu akiwa mgonjwa, kama walivyomwona siku za mwisho wodini, au akiwa hai huku wakijua ndotoni kwamba amekufa. Baadaye anakuja akiwa mzima, amevaa vizuri, anaongea. Rosalind Cartwright, aliyewafuatilia Marekani watu waliovunjika ndoa na kuzama kwenye sonona, aliona jambo linalofanana: waliomwota mwenzi waliyeachana naye kwa hisia za wazi, na ndoto ikachanganya mambo ya sasa na ya zamani, ndio waliokuwa na nafuu zaidi mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo ukimwota mama na ukaamka unalia, usidhani unarudi nyuma.

Sina ugomvi na anayeamka na kumwombea dua mzazi wake, au anayepeleka nia ya misa. Hekima ya pwani yenyewe haikuzichanganya ndoto zote kapu moja. Katika Hadithi aliyoipokea Abu Huraira, ndoto ni za aina tatu: bishara njema kutoka kwa Mwenyezi Mungu, ya kuhuzunisha itokayo kwa shetani, na ile itokanayo na mambo mtu anayozungumza na nafsi yake. Ninayoyaandika hapa yote yanahusu hiyo ya tatu, na ndiyo inayotujia usiku mwingi.

Mwili na chumba navyo vina mchango, ingawa mdogo kuliko watu wanavyodhani. Dement na Wolpert, mwaka 1958, waliwarushia maji waliolala. Mara 14 katika 33 maji yaliingia ndotoni, kama mvua au paa linalovuja. Watafiti wa Mannheim, Ujerumani, waliweka harufu ya waridi na harufu ya mayai viza puani mwa waliolala. Harufu zenyewe hazikuotwa sana, ila rangi ya hisia ilibadilika: waridi liliifanya ndoto iwe njema, mayai viza yakaiharibu. Chumba chenye joto la Februari, umeme umekatika na feni imesimama, kinakuamsha mara nyingi, na kila ukiamka katikati ya ndoto unaibeba. Ndiyo sababu usiku wa joto unaonekana una ndoto nyingi. Pengine si nyingi, unazikumbuka tu.

Sasa foleni. Mtu wa Chanika au Kibaha anayelala saa 5 usiku na kuamka saa 10 alfajiri awahi usafiri anapata mizunguko mitatu na kitu. Anayokosa ni ya nne na ya tano, na humo ndimo ulimo usingizi mwingi wa ndoto. Akifanya hivyo siku tano mfululizo, ubongo unadai. Usiku wa Jumamosi anapolala mpaka asubuhi, usingizi wa ndoto unakuja kwa wingi kuliko kawaida, na Jumapili anaamka amechoka na ndoto nzito, anaanza kutafuta nani amemfanyia kitu. Pombe inafanya vivyo hivyo ndani ya usiku mmoja: inabana ndoto mwanzoni, kisha ikishaisha mwilini, kuelekea alfajiri, zinafumka. Mwezi wa Ramadhani watu wanaoamka kula daku wanakatisha usingizi pale pale penye ndoto, kwa hiyo wanaweza kuzikumbuka zaidi.

Dawa pia. Mefloquine ya malaria inajulikana kwa ndoto kali. Efavirenz, iliyokuwa kwenye vidonge vya ARV vya watu wengi kabla ya dolutegravir kuchukua nafasi yake, ni hivyohivyo, hasa ikimezwa baada ya mlo wa mafuta mengi. Baadhi ya dawa za presha, kama propranolol, zinaweza kuleta jinamizi. Dawa nyingi za sonona zinapunguza usingizi wa ndoto, na ukiziacha ghafla ndoto zinarudi kwa fujo. Usiache dawa kwa sababu ya ndoto. Rudi kliniki uliyoandikiwa, useme ilianza lini na unameza saa ngapi.

Ukitaka kujua kumbukumbu zipi na hisia zipi zinakufanyia kazi usiku, andika. Daftari la shule la kawaida linatosha, na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isipotee gizani. Ukizinduka usijigeuze wala usishike simu. Kaa vilevile ulivyolala, macho yamefumbwa, kama dakika moja, uanze na kitu cha mwisho ulichokiona kisha urudi nyuma. Halafu andika kwa mpangilio huu: kwanza hisia, kwa neno moja au mawili, na ukali wake kwa alama kati ya 0 na 10. Pili picha kuu. Tatu watu na mahali. Mwisho, acha mistari mitatu mitupu. Hiyo utaijaza jioni: jambo gani la jana au juzi, na jambo gani la siku 5 hadi 7 zilizopita, lilikupa hisia ya namna hii? Na lini mara ya kwanza maishani ulihisi hivi?

Fanya hivyo wiki mbili kabla hujatoa hitimisho lolote. Makosa yanayoharibu zoezi ni machache na yanajirudia. Watu wanaandika hadithi ndefu na kusahau hisia. Wanasimulia ndoto kabla ya kuiandika, na kila msimulizi huijazia mashimo ili ipendeze, kwa hiyo kinachoandikwa ni hadithi iliyosimuliwa. Wengine wanaandika siku za ndoto mbaya tu, kisha wanaona daftari zima ni mikosi. Andika na ile ya kawaida, hata "nimeamka, sikumbuki, nilihisi utulivu".

Na usijaribu kulifukuza wazo kitandani. Daniel Wegner na wenzake, mwaka 2004, waliwaambia watu wamchague mtu wanayemfahamu, kisha kundi moja likaambiwa lisimfikirie kabisa kabla ya kulala. Kundi hilo ndilo lililomwota zaidi. Kama deni linakukera, kaa mezani saa moja kabla ya kulala, liandike na hatua moja utakayoichukua kesho, ufunge daftari.

Kwa jinamizi linalojirudia kuna mbinu iliyopimwa vizuri. Barry Krakow na wenzake waliwafundisha wanawake waliopitia ukatili wa kingono, katika utafiti wa wanawake 168 uliochapishwa mwaka 2001, na jinamizi likapungua pamoja na dalili za kiwewe. Inafanywa mchana, si kitandani. Chagua ndoto yenye uzito wa kati, kama 4 au 5 katika alama zako. Kosa kubwa ni kuanza na ile mbaya kuliko zote. Iandike kwa wakati uliopo, mistari kumi hivi. Kisha ibadilishe mahali popote unapotaka, na badiliko likutoshe wewe. Anayeota daladala imefeli breki kwenye mteremko anaweza kuandika kwamba barabara inapanda, gari linapunguza mwendo, abiria wanashuka mmoja mmoja wakishikana mikono. Usiandike kisasi wala mapigano. Yanaiwasha hofu upya. Halafu funga macho uione ndoto mpya kwa dakika 10 hadi 20 kila siku, ukizingatia unachokiona na unachokisikia. Ile ya zamani usiipitie tena. Wengi huanza kuona tofauti katika wiki chache. Ukiona zoezi linakuletea tukio lenyewe mchana, acha, na ulifanye ukiwa na mtaalamu.

Kukabwa, ile hali ya kuamka huwezi kusogea na kuna kitu kimekukalia kifuani, ni suala jingine. Katika usingizi wa ndoto mwili unalegezwa misuli ili usitende unachokiota. Wakati mwingine akili inaamka kabla misuli haijafunguliwa, na hofu ya amigdala inajitengenezea mgeni chumbani. Huisha kwa sekunde au dakika chache. Hutokea zaidi ukilala chali na ukiwa na deni la usingizi. Jaribu kusogeza kidole kimoja cha mguu, upumue taratibu, na usiku unaofuata lala ubavu.

Kwa watoto, tofautisha. Anayekaa kitandani akipiga kelele saa moja au mbili baada ya kulala, macho wazi lakini hakutambui, yuko kwenye usingizi mzito. Usimtikise, mlinde asianguke, atalala mwenyewe na asubuhi hatakumbuka. Anayeamka alfajiri akilia na kusimulia alichokiona ndiye aliyeota, naye anahitaji kukumbatiwa na kusikilizwa.

Nenda hospitali kama jinamizi linakuja zaidi ya mara moja kwa wiki kwa miezi, kama unaogopa kulala, kama mchana tukio linakurudia ukiwa macho, au kama ndoto za kufa zinaambatana na mawazo ya kujiua. Hili la mwisho halisubiri siku hata moja. Muhimbili ina idara ya afya ya akili, na hospitali za rufaa za mkoa, Amana, Temeke na Mwananyamala, ni mahali pa kuanzia. Peleka daftari lako. Na mzee wa zaidi ya miaka 50 aliyeanza kupiga ngumi na mateke usingizini, akitenda ndoto zake, asichukuliwe kuwa anaota vibaya tu: ule ulegevu wa misuli umekosekana, na wakati mwingine hutangulia ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka mwili, kwa miaka. Anahitaji kuonwa na daktari wa mishipa ya fahamu. Wakati anasubiri miadi, godoro lishushwe chini na vitu vyenye ncha viondolewe karibu naye.